Maswali ya nywele ninayoulizwa kila siku nikisuka

Mimi ni msusi, niko Kenyatta Market hapa Nairobi miaka kumi na kitu sasa, na kama umewahi kupita pale unajua venye kuko, hujashuka hata matatu vizuri ushashikwa mkono, "madam kusuka? siz, kuja nikusuke," na moshi ya nyama choma inakufuata hadi kwa kiti. Ukikaa kwa hicho kiti masaa matano lazima tuongee, na maswali ni yale yale, halafu usiku saa nne mwingine ananitumia tena kwa simu na picha ya kichwa juu. Sasa nimeandika hapa. Mimi si daktari, mahali inafika ya daktari nitakuambia.

Niwe naosha nywele baada ya siku ngapi?

Kama ni hii nywele yetu ya kipilipili, mara moja kwa wiki, na ukichelewa sana basi wiki mbili. Si mimi nimejitungia, hata ile chama ya madaktari wa ngozi ya Marekani inashauri hivyo hivyo kwa nywele za watu weusi. Sababu yake ni rahisi. Ngozi ya kichwa inatoa mafuta yake yenyewe, na kwa Mhindi ama mzungu unywele umenyooka so yale mafuta yanateleza mpaka chini, kwa hivyo kesho tu nywele inang'aa mafuta na anaosha tena. Yetu imejisokota kama springi, mafuta yanakwama pale pale karibu na ngozi, ndio unapata mtu ngozi ni chafu inawasha na ncha zimekauka kama majani ya Januari, kichwa hicho hicho kimoja.

Ndio maana nasema shampuu ni ya ngozi, kondishona ni ya nywele. Shika hiyo tu.

Kama unaenda jim, ama unashinda kwa vumbi ya Jogoo Road unauza, usingoje wiki iishe.

Si maji ndio hukausha nywele?

Hapana, na hii imani imenisumbua sana juu ya shosho zetu. Maji ndio inalainisha. Soma nyuma ya hiyo losheni ya nywele unapenda, kitu ya kwanza wameandika ni maji. Chenye hukausha ni sabuni unaosha nayo. Sabuni ya mche, ile ya kufua, ni kali, ngozi ya kichwa iko kwa asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi, namba ikipanda asidi inapungua) kama 5.5, na hiyo sabuni inapita 9, so inafungua yale magamba madogo ya unywele, nywele inakuwa mbaya kushika na inashikana. Sabuni ya vyombo nayo usiniulize, ilitengenezwa itoe mafuta ya sufuria.

Nioneshe basi venye unaosha, polepole

Sawa. Kwanza kabla hujashika maji, fumua yote na uchane. Hii ndio watu huruka. Nikianza hii kazi nilikuwa naharakisha, kuna mama alikuja na rasta, hizi za kusuka na nywele za plastiki, za miezi minne, nikafumua nikamweka kwa sinki moja kwa moja nikamwaga maji, kwa sababu nilikuwa na wateja wengine wawili wanangoja. Wueh. Zile nywele zilikuwa zimeng'oka zikabaki ndani ya rasta, pamoja na ile uchafu ya kijivu hukaa pale kwa fundo la juu, zikakutana na maji zikashikana kama mkeka. Nilitumia makasi upande wa nyuma, kidogo tu lakini alilia, na mimi nikamfanyia bure na bado sijasahau. Hiyo uchafu ya kijivu huwa unaivuta na vidole ikiwa kavu, na mafuta kidogo, kila mzizi kivyake, ndio chanuo kubwa ipite.

Ukishachana gawa kichwa mara nne ama sita, kila fungu usokote mbili mbili kamba huru. Unaosha fungu kwa fungu bila kufungua yote mara moja, nywele haijikunji.

Maji iwe vuguvugu, ile ya kuogesha mtoto. Lowesha mpaka ngozi, si juu juu, nywele ngumu inaweza kukudanganya imelowa na ndani ni kavu kabisa. Shampuu weka kwa kiganja, changanya na maji kidogo, ingiza vidole katikati ya mistari na usugue ngozi kwa nyama ya kidole. KUCHA HAPANA. Povu ikiteremka kwa nywele ukisuuza hiyo inatosha kuosha nywele yenyewe, usiikunje juu ya kichwa kama unafua soksi. Suuza, rudia mara ya pili. Mara ya kwanza maji inatoka rangi ya chai ya rangi na povu haishiki, ya pili inashika nyeupe, hapo umejua ni safi.

Kondishona sasa, nyingi, kuanzia ncha ukipanda juu, ngozi usiiguse sana. Chana ikiwa hapo ndani, na vidole kwanza halafu chanuo ya meno mapana, unaanza chini. Ngoja dakika tano, suuza. Taulo usisugue, finya tu, ama utumie tishati ya zamani, inafyonza vizuri bila kukwaruza.

Na maji ikipotea?

Nairobi mgao tunaujua. Mtungi mmoja wa lita 20 unatosha kichwa kizima kama utatumia jagi na karai, mimi nimeosha na nusu mtungi. Siri ni kusuuza fungu moja moja. Mahali huwezi kuokoa maji ni kusuuza shampuu, ikibaki itakuwasha wiki nzima utasema ni mba.

Kwetu maji ni ya kisima, iko chumvi, nifanye aje?

Watu wa Syokimau, Kitengela, Athi River, hii ni yenu. Unaona shampuu inakataa kutoa povu na nywele ikikauka iko kama imemwagiwa unga. Osha na hiyo hiyo lakini maji ya mwisho ya kusuuza tafuta lita tano ya mvua ama ya kaunti. Ikinyesha weka ndoo nje, hiyo maji ya mvua nywele inaipenda sana.

Julai ni baridi, nikiosha nitashikwa na homa?

Homa inaletwa na virusi, unaitoa kwa mwenzako kwa matatu madirisha yamefungwa yote. Lakini kuketi na kichwa kimelowa na jioni Nairobi inashuka hadi nyuzi 11 ama 12 hakuna raha, nakubali. Osha mchana saa sita Jumamosi, si usiku. Na usilale na nywele imelowa kwa rasta ama kwa kilemba, si ati utaumwa, itanuka tu, halafu nywele ikiwa na maji inavutika na kukatika rahisi kuliko kavu.

Nikifumua nywele inatoka donge zima, nakuwa kipara?

Hili naulizwa na uso umebadilika rangi. Kaa chini tuhesabu. Binadamu wa kawaida anapoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na kichwani ziko kama laki moja. Ukiwa umesuka wiki sita hizo ni siku 42, na zilikuwa zinang'oka kila siku kama kawaida, ni vile tu zilikuwa zimefungwa haziwezi kuanguka. Zidisha: kati ya 2,100 na 4,200. Hilo ndio donge. Angalia moja moja, ikiwa na kidoti cheupe upande mmoja imetoka na mzizi wakati wake ulifika. Zikiwa vipande vifupi havina kidoti, hiyo ni kukatika na hapo tuongee juu ya mikono ya yule alikusuka, ama pasi yako.

Rasta zikae muda gani, na naziosha aje zikiwa kwa kichwa?

Wiki sita. Nane mwisho. Najua umelipa pesa na najua mwezi wa tatu bado zinaonekana poa ukifunga kitambaa mbele, lakini pale kwa mzizi nywele imekua sentimita mbili na rasta nzito inaning'inia kwa nyuzi chache.

Kuosha, kila wiki mbili: changanya shampuu na maji kwa chupa ya kufinya, pitisha kwa mistari tu, sugua na vidole, mwaga maji mingi, na ukae juani mpaka zikauke mpaka ndani. Kama zinawasha siku ile ile ya kusukwa mara nyingi ni ile dawa hupakwa kwa nywele za plastiki kiwandani. Mimi naloweka usiku mmoja kwa maji na siki kidogo, nasuuza, naanika. Ukiona kitu nyeupe imeelea asubuhi kwa beseni hutauliza tena kwa nini.

Nywele za mbele zimeisha, mafuta gani itarudisha?

Hii ndio inaniuma kuliko zote kwa sababu sisi wasusi ndio tunaifanya. Mtu anasema "kaza vizuri zisiteremke haraka," nakaza, anameza Panadol mbili analala ameketi. Mkono wangu umefanya hiyo. Siku hizi nakataa. Ikiuma imekazwa zaidi, vipele vidogo vyeupe vikitokea pale kwa mstari wa mbele hiyo ni ngozi inalia, fumua hata kama ni jana umesuka, na hata kama ni mimi nilisuka.

Mapema inarudi. Unapumzisha, hakuna rasta, hakuna kuvuta nyuma na jeli, hakuna wigi ya gundi, miezi kadhaa unaona vinywele. Lakini ukiendelea miaka na miaka mashimo ya nywele yanafunga, ngozi inakuwa laini inang'aa kama kiganja, na hapo hakuna mafuta duniani, hata iuzwe na nani. Ikianza kung'aa enda kwa daktari wa ngozi leo. Watoto wadogo ndio nawahurumia zaidi, mtoto wa miaka minne macho yamevutwa juu kwa sababu ya birthdei ya siku moja.

Niko na mba, napaka mafuta na haiishi

Mafuta ndio unailisha! Mba inahusiana na kuvu fulani inaishi kwa ngozi ya kila mtu na chakula yake ni mafuta. Ukipaka, yale magamba yanalala hayaonekani siku mbili unafikiri imepona, kumbe umeandaa meza. Nunua kwa kemia shampuu iko na ketokonazo asilimia 2, ama ile ya seleniamu, weka kwa ngozi, hesabu dakika tano kabla ya kusuuza, watu husuuza mara moja na wanasema haifanyi kazi. Mara moja kwa wiki kwa nywele zetu, mwezi mzima, na kondishona kwa nywele kwa sababu hiyo dawa inakausha. Ikikataa, ama iko na vidonda, ama nywele inatoka hapo, ni daktari.

Na kuna mba ya uongo, ni jeli na mafuta ya wiki tatu imekauka inabanduka. Hiyo shampuu ya kawaida inamaliza siku moja.

Mtoto ametoka shule na mashilingi kwa kichwa

Pole mama. Usipake tu krimu, wala kiwi, wala majivu. Ile choa ya kichwa imeingia mpaka ndani ya mzizi wa nywele na krimu haifiki huko, inataka dawa ya kumeza kama griseofulvini na ni wiki sita ama zaidi, daktari ndio anapima kilo za mtoto anaandika. Wewe huku nyumbani chemsha chanuo, usichanganye kofia na taulo, na angalia vichwa vya wale wengine. Akija kwangu akiwa hivyo simsuki, si kiburi, chanuo yangu inapita vichwa kumi kwa siku.

Dawa ya kunyoosha ni mbaya kweli ama ni maneno ya watu wa nachuro, wale hawaweki dawa?

Mimi naweka watu dawa, sitajifanya. Lakini ujue ni nini. Iko pH 12 mpaka 14, huko ndio dawa ya kuzibua sinki iko, inavunja vifungo ndani ya unywele na haviungani tena. So usije umekuna kichwa jana, usije umesuka wiki iliyopita umefumua asubuhi, vaselini ipakwe kwa ngozi na masikio, na ikianza kuchoma SEMA. Usivumilie ati ndio ishike. Ritachi, yaani kurudia dawa, ni baada ya wiki nane hadi kumi na mbili na ni ile iliyoota peke yake. Ile shampuu ya kumalizia huwa povu yake inageuka pinki kama dawa bado iko, unasuuza mpaka iwe nyeupe, usiache mtu akuharakishe hapo.

Halafu kuna hii. 2022 huko Marekani utafiti wa wanawake 33,497 ulitoka, wale walikuwa wanatumia za kunyoosha zaidi ya mara nne kwa mwaka walipata saratani ya mji wa mimba zaidi ya mara mbili kuliko wale hawatumii kabisa. Kwa hesabu, kufikia miaka 70 ni kama 4 kwa 100 badala ya chini ya 2 kwa 100. Haijasema dawa ndio inaleta moja kwa moja, na bado wengi hawapati. Mimi nawaambia wateja, wengine wameacha, wengine wamesema weka tu. Msichana wa darasa la tatu siwezi kumweka, hata mamake akinuna.

Mafuta gani inakuza nywele haraka?

Hakuna. Nywele inaota kama sentimita moja kwa mwezi na hiyo spidi iko kwa damu yako na chakula, si kwa chupa. Chenye unaweza kufanya ni kuzuia ile imeota isikatike, na hapo mafuta inasaidia. Ya nazi kutoka Pwani ni nzuri kupaka kabla ya kuosha, ni moja ya chache zinaingia ndani ya unywele na kupunguza protini inayotoka ukiosha. Ya nyonyo ni nzito, ni ya kufungia maji ndani, upake juu ya nywele yenye unyevu. Mafuta juu ya nywele kavu imefungia nini sasa?

Mayai na avokado?

Kula. Protini ya yai ni kubwa haiingii, na ukisuuza na maji moto unapika omleti kwa kichwa, nimewahi kuichambua kwa mteja na chanuo ndogo nusu saa. Avokado isiposagwa vizuri hivyo hivyo.

Nimejifungua juzi na nywele zinaisha

Kama mtoto ako na miezi miwili, mitatu, minne, ni kawaida. Ukiwa na mimba zilikuwa zinakataa kung'oka, sasa zinalipa deni zote pamoja. Mtoto akifika mwaka hivi wengi zimesharudi. Usizisuke kwa nguvu kipindi hiki. Ikipita hapo, ama uko na kizunguzungu na uchovu, ukapimwe damu na thairoidi, kukosa madini ya chuma inang'oa nywele kweli. Terere, managu, ndengu, maini. Vidonge vya bayotini ni wachache sana wanavihitaji, na kama unavimeza mwambie daktari kabla ya kupimwa, vinaweza kuharibu majibu ya maabara.

Pasi na blodrai?

Nywele kavu kabisa kwa pasi, ikitoa sauti ya tsss hiyo ni maji inachemka ndani ya unywele na inaacha mashimo. Pitisha mara moja, si mara sita. Blodrai moto wa katikati.

Dredi zinanuka nikiosha

Hazikukauka ndani. Shampuu nyepesi, hakuna kondishona nzito, finya na taulo mbili, kaa juani ama chini ya draya mpaka katikati ikauke, hata kama ni masaa matatu.

Mume wangu ana uvimbe nyuma ya shingo, anasema ni kinyozi

Wembe na mashine ikikata karibu sana pale kwa kisogo, nywele ya kujikunja inarudi ndani ya ngozi, inaanza vipele na baadaye inakuwa makovu magumu ambayo hayatoki. Aambie kinyozi aache kisogo bila kushusha mpaka sufuri, mashine ipigwe spiriti kabla yake. Na aende mapema kwa daktari, wanaume wanangoja mpaka kola ya shati inauma.

Kukata ncha inaongeza kukua?

Hapana, nywele haijui umeikata. Ila ncha iliyopasuka inaendelea kupasuka ikipanda, so kata.

Nikija kwako nije nimeosha ama utaniosha?

Njoo umeosha jana yake, imekauka, umechana, na umesokota mabutu makubwa ili inyooke kidogo. Usipake mafuta mengi asubuhi, vidole vyangu vinateleza na mistari inakuwa kombo halafu unanilaumu. Ukija na kichwa kichafu nitakuosha, lakini foleni ya sinki Jumamosi unaijua, na maji yakiwa yamekatika ni wewe utaenda kutafuta mwenye mkokoteni wa mitungi.